Barua za mapendekezo: nilivyoziomba, na ninavyoombwa sasa

Kabla hajafika chuo, Mtanzania huwa ameshashika barua kadhaa zinazomhusu. Kuna ya utambulisho, unayoianzia kwa mjumbe na kuimalizia ofisi ya serikali ya mtaa ukitaka kufungua akaunti au kushughulikia kitambulisho cha taifa. Kuna ya mkuu wa shule, inayosema ulikuwepo kuanzia mwaka fulani mpaka mwaka fulani na tabia yako ilikuwa nzuri. Mwenyekiti wa mtaa wetu alinisainia ya kwangu huku akibishana na mtu kwenye simu kuhusu gari la taka. Hakuniangalia hata usoni, na barua ile ikafanya kazi yake vizuri kabisa. Ilitakiwa kusema kwamba nipo, ikasema.

Nilipoanza kuomba nafasi ya shahada ya uzamili nje ya nchi, watu wangu wengi walidhani barua ya mapendekezo ni ndugu wa barua hizo: tafuta mkubwa, pata saini, gonga mhuri. Mjomba wangu, ambaye kwa kweli alitaka sana niende, alikuwa na njia ya kumfikia mheshimiwa mmoja.

"Mheshimiwa akiandika, nani atakataa?"

"Mjomba, hawa wanataka mtu aliyenifundisha, au aliyenisimamia kazini."

"Kwani yeye hawezi kusema alikufundisha?"

Tulicheka, nikamshukuru, yakaishia hapo. Mjomba hakuwa mjinga, maana ofisi nyingi za kwetu hufunguka kwa barua ya mkubwa. Ila kamati ya udahili iliyokaa Göttingen, Ujerumani, au Minnesota, Marekani, haimjui mheshimiwa wetu. Ina rundo la maombi, karibu kila mwombaji ana alama nzuri, na kila insha inadai mwandishi wake ni mchapakazi mwenye ndoto ya kuibadili nchi yake. Inachokitafuta kwenye barua ni mtu mzima mwenye akili zake anayesema: huyu nilimwona akifanya kitu fulani, mahali fulani, na alikifanya hivi. Kwa hiyo nilijiuliza ni nani aliyewahi kuniona nikifanya kazi, na kati ya hao ni nani bado anakumbuka.

Hiyo sehemu ya pili ndiyo inayotusumbua tuliosoma vyuo vya umma. Mimi nilisoma kilimo. Mwaka wa kwanza tulikuwa tunajaa ukumbini mpaka wengine wanasimama dirishani na madaftari yao, na mhadhiri anaongea na kipaza sauti kama yuko kwenye mkutano wa hadhara. Hata ukipata A katika somo kama hilo, kwake wewe ni namba ya usajili. Anaweza kuandika kwamba ulipata A, lakini hilo kamati imeshaliona kwenye transkripti. Barua ya namna hiyo haikuongezei kitu, na anayeisoma anajua kabisa kwamba aliyeiandika hakujui.

Mwaka wa tatu tulipungua. Waliochagua udongo tulikuwa kundi dogo, na kundi dogo hupelekwa mashambani. Siku moja tulikuwa Lushoto, kwenye mteremko ulio juu ya mashamba ya mboga, tumechimba shimo la udongo lenye kina cha mtu. Kazi ilikuwa kutenganisha matabaka na kueleza kila moja: unene wake, mizizi iliyomo, ukivingirisha bonge kiganjani linajinyoosha kiasi gani kabla ya kukatika, na rangi yake. Rangi ya udongo husomwa kwa kitabu cha Munsell, chenye vipande vidogo vya rangi, kila kimoja na namba yake. Wenzangu waliisoma wakiwa ndani ya shimo, kwenye kivuli, wakaandika namba na kutoka. Mimi nilikuwa na wasiwasi na namba ile. Nikapanda na bonge mpaka juani, nikalilowanisha kwa maji ya kunywa, nikalilinganisha tena: 2.5YR 3/6, nyekundu iliyokoza. Mhadhiri wetu alikuwa ameshakubali namba ya wenzangu. Nikambishia, kwa adabu, huku bonge linanichafua mikono. Akalichukua, akaligeuza juani, akasema, "Andikeni upya." Hakusema zaidi ya hapo, na mimi sikufikiri zaidi.

Miaka ilipita, nikaajiriwa halmashauri kama afisa kilimo. Nilipotaka barua, nilimwandikia mhadhiri yule ujumbe ambao mpaka leo nimeuhifadhi, kwa sababu vijana wengi huniuliza waanzeje:

"Shikamoo Dokta. Mimi ni mwanafunzi wako wa zamani wa uainishaji wa udongo, wa lile kundi la Lushoto lililobishana nawe kuhusu rangi ya tabaka la pili. Sasa ni afisa kilimo. Naomba kozi ya uzamili ya usimamizi wa udongo, na wanataka barua ya mtu aliyeniona nikifanya kazi ya shambani. Je, unanikumbuka kiasi cha kuweza kuniandikia barua nzuri? Kama nafasi haitaruhusu nitaelewa kabisa, na naomba uniambie bila wasiwasi. Siku ya mwisho ni wiki sita kutoka leo."

Jibu lilikuja jioni: "Marahaba. Wewe si yule wa bonge? Kozi gani hiyo, na kwa nini wao na si Wageningen?"

Wageningen ni chuo cha Uholanzi kinachosifika kwa kilimo. Nilipoona swali lile nilijua nimepata barua. Watu wazima wa kwetu hawakatai ana kwa ana. Mhadhiri ambaye hakukumbuki, au hana muda, au hakuona lolote la maana kwako, hatakwambia "hapana". Atakwambia "sawa, nikumbushe", au "hamna shida, wewe niletee tu", au atakuitikia kwa mkao ule wa mtu ambaye mguu mmoja umeshatoka mlangoni. Hizo si ndiyo. Ni heshima anayokulindia, na ukizichukua kama ahadi utajikuta siku ya mwisho unaangalia mfumo wa maombi ukisema barua bado. Ndiyo ya kweli ina maswali ndani yake. Anataka kujua kozi ni ipi, kwa nini umeichagua, umefanya nini tangu umalize, atume wapi. Mtu anayeuliza tayari ameshaanza kuandika kichwani.

Ndiyo maana nilimwachia mlango wa kutokea kwenye ujumbe wangu. Alikuwepo mwingine niliyemwomba, mtu mkubwa kitaaluma, jina lake linajulikana mpaka nje. Akasema "sawa, utanikumbusha" bila kuuliza hata kozi. Baada ya siku chache nikamwandikia kwamba najua mzigo alionao kipindi kile cha kusahihisha, na kwamba nimepata mtu mwingine, nikamshukuru. Alijibu haraka kuliko alivyowahi kujibu chochote. Nadhani alishukuru.

Kwenye nafasi yake nilimweka mhadhiri msaidizi aliyenisimamia mradi wa mwaka wa mwisho. Hakuwa na shahada ya uzamivu wakati huo, na wenzangu walinishangaa. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akisoma rasimu zangu, ndiye aliyejua kwamba jedwali langu la tatu lilikuwa na kasoro na kwamba niliirekebisha bila kuambiwa. Profesa aliyekuwa juu yake alikubali wasaini pamoja: yule akaandika anachokijua, profesa akaongeza aya yake kuhusu idara na kiwango cha mradi. Njia hii inakubalika sehemu nyingi na naipendekeza kila mara, kwa sababu vyuoni kwetu aliye juu ana jina na aliye chini ana kumbukumbu.

Sasa kuna jambo ambalo kila aliyeomba barua hizi hapa nchini amekutana nalo: "Andika mwenyewe, niletee nisaini." Nimeambiwa hivyo, na sina hasira na waliosema. Mhadhiri ana vipindi, ana mitihani mamia ya kusahihisha, ana wanafunzi wa utafiti, na barua ya mwanafunzi aliyemaliza zamani haimpandishi cheo. Tena katika ofisi zetu za serikali ndivyo barua zinavyozaliwa: aliye chini huandaa, aliye juu hupitia na kusaini. Kwao si udanganyifu, ni utaratibu.

Lakini kwa barua hii utaratibu huo unakuumiza wewe. Kwanza, vyuo vinaiomba kwa imani kwamba anayeisaini ndiye anayesema, na wakigundua vinginevyo ombi lako lote linaweza kutupwa. Pili, binadamu aliyelelewa kwa adabu hawezi kujisifu vizuri. Akijaribu, anaangukia maneno ya jumla: ana bidii, anajituma, anashirikiana na wenzake. Tatu, barua zako zote zitakuwa na mkono mmoja, zenye sentensi za urefu mmoja na makosa yaleyale ya Kiingereza. Msomaji wa kamati si kipofu.

Nilichofanya ni kuandaa karatasi moja ya kumbukumbu kwa kila mtu, tofauti kwa kila mmoja. Kwa mhadhiri wa Lushoto niliandika somo alilonifundisha na mwaka, alama niliyopata, matukio mawili ambayo yeye mwenyewe aliyashuhudia, mistari michache ya ninachokifanya sasa, na kile kozi inachotaka kuona, nilichokinukuu kutoka kwenye ukurasa wao. Chini kabisa, siku ya mwisho na namna barua inavyotumwa. Sikuandika sifa hata moja. Nilipompelekea nikamwambia, "Dokta, mimi nimeleta tarehe na matukio, maneno ni yako." Akasema hiyo ni rahisi, na nadhani hapo ndipo ilipo siri yote ya "andika mwenyewe". Wengi wanaosema hivyo wanakwepa kurasa tupu, hawakwepi kuandika. Mtu mwenye matukio mkononi huandika barua kwa muda wa kunywa chai.

Ya mwajiri ilikuwa safari nyingine. Ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, kwa zile kozi za nchi zinazoendelea, zinazoitwa EPOS, unataka angalau miaka miwili ya kazi baada ya shahada ya kwanza, na barua ya mwajiri wa sasa yenye kichwa cha ofisi, saini, mhuri na tarehe ya karibuni, na ikiwezekana ahadi kwamba ukirudi utapokelewa kazini. Aliyefanya kazi halmashauri anajua maana yake. Unaandika barua kwa Mkurugenzi Mtendaji, kupitia kwa Mkuu wa Idara, unaipeleka masjala, inapewa namba, faili linapanda juu. Halafu linakaa. Ukiuliza unaambiwa faili liko kwa bosi, ukienda kwa bosi unaambiwa limeshuka.

Liliposhuka kweli, barua ilisema: rejea somo tajwa hapo juu, ofisi inathibitisha kuwa mtajwa ni mtumishi wa halmashauri hii, cheki namba kadha wa kadha, tangu tarehe fulani. Barua safi kabisa, ndugu wa ile ya mwenyekiti wa mtaa.

Nikarudi kwa mkuu wangu wa idara, mzee ambaye tulikuwa tunapanda naye pikipiki moja kwenda vijijini. Nikamweleza kwamba hawa wanataka kujua nafanya nini nikiwa kazini.

"Basi andaa rasimu niipitie."

"Bosi, naomba nikukumbushe mambo, uandike mwenyewe. Mimi siwezi kujisemea."

Akanitazama, akacheka, akavuta karatasi. Aliandika kwa mkono, kwa Kiswahili, palepale. Afisa utumishi akaiweka kwenye Kiingereza, Mkurugenzi akasaini kwenye karatasi yenye kichwa cha ofisi. Barua ya mwajiri haikuwa ya siri, niliipakia mwenyewe kwenye mfumo, kwa hiyo hii niliisoma. Mzee alikuwa ameacha mambo yote ya kawaida na kueleza msimu mmoja tu. Wakulima wa mahindi wa kata fulani walikuwa wakilalamika kwamba mbolea haifanyi kazi. Nilipima tindikali ya udongo kwenye mashamba yao kabla ya kuwashauri chochote, nikakuta pH iko chini sana, nikapendekeza wajaribu mbolea ya Minjingu, ile inayotokana na mwamba wa fosfati wa kule Manyara, ambayo hufanya vizuri kwenye udongo wenye tindikali. Akaandika kwamba mwanzoni yeye mwenyewe alinipinga. Kisha akaandika mashamba ya majaribio yalivyoonekana wakati wa mavuno. Kama ningeandika mwenyewe nisingethubutu kuweka kwamba bosi wangu alinipinga na nikawa sahihi. Yeye aliweza.

Kuhusu taratibu za kila nchi nitapita haraka, maana kila mfumo hujieleza. Vyuo vya Marekani kwa uzamili kwa kawaida hutaka barua tatu, na Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, vilevile. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, wanataka mbili, lakini zinadaiwa kwa walioitwa kwenye usaili, kwa hiyo watu wako waandae mapema hata kama hazitumwi siku ile unayoomba. Anayeomba shahada ya kwanza Uingereza kupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi wa huko, ana rejea moja tu, ya shule. Mpwa wangu alipotoka kidato cha sita na kuomba vyuo vya Marekani kupitia Common App, fomu moja inayotumika kuomba vyuo vingi, palihitajika fomu ya mshauri wa shule pamoja na barua za walimu wa masomo. Shule zetu nyingi hazina mtu mwenye cheo hicho, hivyo mwalimu wa taaluma au mkuu wa shule huijaza. Tulimwomba mwalimu wa taaluma, tukakaa naye, kwa sababu fomu inauliza pia kuhusu shule yenyewe: ina wanafunzi wangapi, inafundisha masomo gani, mfumo wa alama ukoje. Mwalimu alifurahi sana kuulizwa kuhusu shule yake.

Lipo jambo moja la Marekani linalowachanganya wengi. Kwenye fomu unaulizwa kama unaachia haki yako ya kusoma barua zilizoandikwa juu yako. Sheria yao ya FERPA ya mwaka 1974 inampa mwanafunzi aliyekwisha kujiunga na chuo haki ya kuona kumbukumbu zake, zikiwemo barua hizo. Wengi hushauriwa waiachie, na mimi niliiachia. Barua ambayo mwandishi anajua hutaiona inaaminiwa zaidi. Na kama unahisi tumbo linakucheza kwa sababu hujui mtu huyo ataandika nini, basi tatizo liko kwenye uchaguzi wa mtu, na bado una muda wa kumbadilisha.

Mitambo nayo ina visa vyake. Mifumo mingi humtumia mwandishi kiungo kwa baruapepe, na vyuo vingi hupendelea anwani ya taasisi kuliko ya Gmail au Yahoo. Wahadhiri wetu wengi wana anwani ya chuo ambayo hawaifungui, na wanayoifungua ni ya Yahoo waliyoianzisha zamani. Muulize mtu wako, kwa mdomo, ni anwani gani anaisoma kila siku, na kama ni ya chuo, mwombe aifungue mbele yako ahakikishe bado inapokea. Kiungo kikitumwa, mpe taarifa siku hiyohiyo kwa WhatsApp, mtajie kichwa cha baruapepe hiyo kinavyosomeka, mwambie aangalie na kwenye taka. Yupo mtu atakayekwambia, "chukua hicho kiungo ujaze mwenyewe". Usikubali, hata kama anasema kwa wema.

Na saa. Mfumo ukiandika 23:59 saa za Ulaya ya Kati wakati wa baridi, kwetu hiyo ni saa saba na dakika 59 usiku. Ikiwa ni saa za New York mwezi Desemba, ni saa moja na dakika 59 asubuhi ya siku inayofuata. Usimpe mwandishi hesabu hizi. Mpe tarehe ya wiki moja kabla, ibaki siri yako.

Kumkumbusha mkubwa ndiko kunakotuogopesha. Tumelelewa kwamba ukimwomba mtu mzima kitu unasubiri. Mimi niliona kinachofanya kazi ni kukumbusha kwa kumletea kitu: wiki mbili kabla, "Dokta, shikamoo, nimeambatisha insha yangu ya mwisho endapo itakusaidia", wiki moja kabla, "kiungo kimeshatumwa, kinaisha muda wake tarehe fulani". Hakuna aliyekasirika. Mmoja alinipigia kunishukuru. Zawadi sikupeleka. Kabla ya barua, hata soda inanuka rushwa, na inamweka mtu mahali pabaya. Nilipopata nafasi niliwapigia wote, mmoja mmoja, kabla sijaweka chochote kwenye status. Mzee wa idara aliomba nimletee kitabu cha udongo cha Kijerumani chenye picha, na nilimletea.

Siku hizi nafundisha, na barua zinaombwa kwangu. Nimekaa upande wa pili na kuona fomu ambayo sikuwahi kuiona nikiwa mwombaji. Kabla ya barua yenyewe, mifumo mingi ya Marekani inakuuliza umemfahamu mtu huyu kwa muda gani na kwa nafasi ipi, kisha inakupa jedwali: katika uwezo wa kufikiri, kuandika, kufanya kazi peke yake, yuko kwenye asilimia moja ya juu ya wanafunzi uliowahi kuwafundisha? Tano? Kumi? Ishirini na tano? Na kuna kisanduku cha "sina msingi wa kusema". Wa kwanza niliyemjazia, nilikaa na jedwali lile kwa muda mrefu kuliko barua. Mwanafunzi ambaye sikumwona karibu, kwa uaminifu, nusu ya jedwali lake ni kisanduku kile. Hapo ndipo nilipoelewa hasara ya barua ya mtu asiyekujua.

Nimeona pia tunavyoandika sisi. Barua nyingi za Afrika Mashariki nilizosoma zinasema kijana ni mtiifu, mnyenyekevu, anafika kwa wakati, ana hofu ya Mungu. Ni sifa njema, na ningependa mkwe awe nazo. Lakini anayetafuta mtafiti hajui azifanyie nini. Mwaka juzi nilimwandikia binti mmoja ambaye alama zake zilikuwa za wastani mzuri, si za juu. Alikuwa anakausha sampuli za udongo kwenye oveni kwa nyuzi 105 apate kiasi cha unyevu. Usiku umeme ukakatika, oveni ikapoa, asubuhi ukarudi. Angeweza kupima na kuendelea, hakuna ambaye angejua. Nilipofungua daftari lake la maabara nikakuta ameandika kwa kalamu nyekundu: umeme ulikatika, muda haujulikani, vipimo hivi visitumike, narudia. Na alirudia, Jumamosi, wenzake wakiwa wamekwenda harusini. Barua yangu ilikuwa kuhusu ukurasa ule. Kwenye kisanduku cha uaminifu wa kisayansi niliweka alama ya juu kabisa, na kwenye kuandika nikaweka ya katikati, kwa sababu ndivyo alivyo. Alipata.

Wengine nawakatalia, na nimejifunza kukataa waziwazi, ingawa bado ulimi unakuwa mzito. Namwambia kijana: nikikuandikia, itakuwa fupi na haitakusaidia. Nani alikusimamia mafunzo kwa vitendo? Nani alisoma ripoti yako? Mara nyingi yupo mtu, ila ni afisa wa wilayani au msimamizi wa shamba, na kijana hakudhani mtu wa namna hiyo anahesabika. Namwambia aende kwake kwanza.

Wiki hii nina ombi la kijana mmoja ninayemkumbuka vizuri sana, na niko tayari. Nimemwomba karatasi ya kumbukumbu, nimemwomba jina kamili la kozi, nimemwomba aniambie kiungo kimetumwa anwani ipi. Siku ya mwisho ni tarehe 15 Desemba. Amenijibu, "Sawa Dokta, nitakukumbusha." Jana jioni nimempigia simu.